Kutoa trajektori kutoka GROMACS bila kupasua protini wala kujaza diski

Kila baada ya siku chache lazima nipate meseji ya aina hii: "kaka nimemaliza simulesheni, nafungua kwenye VMD naona protini imekatika vipande viwili, nimeharibu wapi?" Hujaharibu popote, VMD (programu ya kutazamia molekuli) ndo inakuonyesha hivyo. Au nyingine: "nimetoa PDB lakini laptopu imeganda." Au ile ninayoipenda zaidi, "msimamizi wangu anataka koodineti za atomu kwenye Excel." Nimechoka kujibu moja moja kwenye simu, kwa hiyo naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia huu tu.

Mwongozo ni wa kutoa trajektori (faili la mwendo wa atomu) kutoka GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli kwenye kompyuta, maana ndo wengi wetu tunaitumia, ni bure na inakubali hata mashine ya kawaida. Kama unatumia NAMD au Amber mawazo ni yaleyale ila amri ni nyingine.

Mfano wangu ni lisozaimu ya ute wa yai la kuku, namba 1AKI kwenye hifadhi ya PDB (benki ya maumbo ya protini, na mafaili ya fomati yake nayo tunayaita PDB), ile ambayo karibu kila mtu ameanzia. Ina amino asidi 129, ukiiandaa na OPLS-AA (hiyo ni forsifildi, yaani kanuni za nguvu kati ya atomu) inakuja na atomu 1960 pamoja na hidrojeni zake. Ina chaji ya +8 kwa hiyo unaiwekea ioni 8 za kloridi, halafu maji, na jumla unafika atomu elfu 34 hivi kutegemea ukubwa wa boksi. Tuseme umeikimbiza ns (nanosekunde) 100, hatua ya ps (pikosekunde) 0.002, na kwenye mdp, faili la mipangilio, uliandika `nstxout-compressed = 5000`. Hapo inaandika kila baada ya ps 10, maana yake una fremu 10,001, kila fremu ni picha ya atomu zote kwa wakati mmoja. Shika hizo namba, tutazirudia.

Uwe na nini kabla hujaanza

- `md.tpr`, faili la sistimu na mipangilio yake, lilelile ulilokimbizia. La jana ulilolibadilisha halifai, na la rafiki yako ndo kabisa.
- `md.xtc`, hapa ndo kuna mwendo wa atomu. Linabeba nafasi tu, limebanwa, desimali tatu za nanomita.
- `md.trr` kama unataka mwendokasi au nguvu. Kama kwenye mdp `nstvout` iliachwa 0, mwendokasi haupo na hakuna amri duniani ya kuurudisha, unakimbiza upya.
- GROMACS ya toleo lilelile la kwenye seva au jipya zaidi. La zamani halisomi tpr ya toleo jipya.
- Nafasi kwenye diski. Piga `df -h` kwanza, usiniambie ulidhani ipo.
- VMD, na Python yenye maktaba ya MDAnalysis kama utahitaji DCD, fomati ya trajektori ya programu nyingine.

Na swali moja la kujiuliza kabla ya yote: hili faili anakwenda kulitumia nani? Kama ni wewe mwenyewe na `gmx rms` (inapima RMSD, yaani protini imehama kiasi gani kutoka umbo la rejea), pengine huhitaji kutoa chochote zaidi ya kusafisha. Kama ni picha ya tesisi, unahitaji fremu moja. Kama ni mwenzako anayetumia programu nyingine, muulize programu gani. Watu wanatoa kwanza wanauliza baadaye, ndo maana wanarudia mara tatu.

Hatua ya 1: kagua faili lenyewe

```
gmx check -f md.xtc
```

Inasoma mwanzo mpaka mwisho. Mwishoni angalia fremu ya mwisho ni ya muda gani, kwa mfano wetu itakuwa 100000, hizo ni pikosekunde, ndo ns 100. Chini kuna jedwali la idadi ya fremu na nafasi kati ya fremu na fremu. Ukiona imeishia 63480 wakati ulitegemea 100000, basi simulesheni haikuisha, au kopi haikuisha. Jua hilo sasa, usije ukaligundua siku ya kuonyesha grafu kwa msimamizi.

Kama umeme ulikatika katikati ukaendelea na `-cpi` bila `-noappend`, faili ni moja, huna kazi. Kama ulitumia `-noappend` una vipande, `md.part0001.xtc`, `md.part0002.xtc` na kuendelea, viunge kwanza:

```
gmx trjcat -f md.part*.xtc -o md.xtc
```

Pale vipande vinapopishana muda yenyewe inaondoa marudio.

Hatua ya 2: chagua kundi la atomu

Kila amri ya `trjconv`, ile ya kubadilisha trajektori, itakuuliza kundi. 0 ni `System`, yaani vyote na maji. 1 ni `Protein`, 3 ni `C-alpha` (kaboni moja ya kati ya kila amino asidi), 4 ni `Backbone` (uti wa mnyororo wa protini). Hizi za mwanzo huwa hazibadiliki lakini za chini, kina 13 na 14, zinabadilika kutegemea una nini ndani ya boksi, kwa hiyo zoea kuandika jina badala ya namba. Inakubali jina.

Kama una protini pekee ruka hatua hii. Kama una ligandi (molekuli ndogo inayoshikwa na protini, kama dawa) tengeneza kundi jipya:

```
gmx make_ndx -f md.tpr -o index.ndx
```

Hapo itakuonyesha orodha. Tuseme ligandi yako ni namba 13, andika `1 | 13` kisha enta, halafu `q`. Bila `q` haijasevu kitu, ukifunga dirisha umepoteza.

Wengi wanaoniuliza wanafanya DHFR, kimeng'enya cha kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, na pyrimethamine au dawa wanayoijaribu wao. Sikilizeni nyinyi: mle ndani kuna NADPH pia, molekuli msaidizi wa kimeng'enya hicho. Nimeshaona zaidi ya mmoja ametoa protini na dawa akaiacha NADPH kwenye seva, halafu anashangaa mbona upande mmoja wa mfuko (pale protini inaposhika dawa) kuna tundu tupu na dawa inaelea kama haijashikwa na kitu. Kundi lako liwe na vitatu vyote, mfano `1 | 13 | 14`. Na kuanzia hapo kila amri ongeza `-n index.ndx`, la sivyo kundi lako jipya haitaliona.

Hatua ya 3: rudisha protini iwe nzima na iwe katikati

Hapa ndo penye meseji nyingi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boksi la simulesheni halina ukuta. Atomu ikitoka upande wa kulia inaingia upande wa kushoto, kama ule mchezo wa nyoka kwenye simu za zamani za Nokia, nyoka anazama huku anatokea kule. Kifizikia hakuna tatizo, protini haijakatika, ila faili linaandika atomu pale ilipo ndani ya boksi, kwa hiyo nusu ya protini inaonekana huku na nusu kule, na VMD inachora vifungo kama nyuzi ndefu zinazokatiza boksi zima. Ukiziona nyuzi hizo jua ni hilo, usianze kulaumu forsifildi.

Kama protini ni moja ya mnyororo mmoja, kama lisozaimu yetu, amri moja inatosha:

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md.xtc -o md_kati.xtc -pbc mol -center -ur compact
```

Itauliza mara mbili. Ya kwanza ni kundi la kuwekwa katikati, jibu `Protein`. Ya pili ni kundi la kutolewa, jibu `System` kama bado unataka maji. Watu wanajibu `System` zote mbili kwa haraka, halafu wanasema haifanyi kazi. Ukiweka katikati kitu kizima chenye maji hujaweka chochote katikati. Hiyo `-ur compact` ni ya wenye boksi la dodekahedroni, bila hiyo boksi linaonekana limelala upande kama kiberiti kilichokanyagwa.

Kama una minyororo miwili au protini na ligandi, hapo mnyororo mmoja unaweza kubaki huku mwenzake kule hata baada ya `-pbc mol`, maana kila molekuli inashughulikiwa kivyake. Nenda kwa mpangilio huu:

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md.xtc -o a.xtc -pbc whole
gmx trjconv -s md.tpr -f a.xtc -o b.xtc -pbc nojump
gmx trjconv -s md.tpr -f b.xtc -o c.xtc -pbc mol -center -ur compact
```

Ya kwanza inaunga molekuli zilizokatwa. Ya pili inazuia kuruka ghafla upande wa pili wa boksi. Ya tatu inaweka katikati na kurudisha maji ndani ya boksi, na hiyo `c.xtc` ndo utaitumia huko mbele kila ninapoandika `md_kati.xtc`. Ukiishia ya pili, maji yatakuwa yametawanyika kila upande kama vifaranga vilivyoona mwewe, hiyo ni kawaida, ndo maana kuna ya tatu. Na kama hiyo ya tatu imekurudishia mnyororo upande mwingine, rudi kwenye `b.xtc`, toa protini na ligandi bila maji, ufanye `-center` bila `-pbc`. Kwa picha na kwa RMSD inatosha kabisa.

Makosa mawili hapa. Moja, usipunguze fremu kabla ya `nojump`. Hiyo amri inalinganisha fremu na fremu iliyotangulia, ikiona atomu imesogea zaidi ya nusu boksi inajua imeruka. Ukishaacha fremu moja kwa kila ns 1 atomu ya maji imetembea mbali mno, yenyewe haiwezi tena kujua nani karuka nani katembea. Safisha kwanza, punguza baadaye. Pili, `-s` iwe tpr, sio gro. Ndani ya gro hakuna habari ya nani kafungwa na nani, sasa itajuaje molekuli inaanzia wapi?

Na kama unachopima ni kusambaa kwa maji au lipidi, achana na hatua hii yote, mpe `gmx msd` faili halisi. Ukisogeza kila fremu ili protini iwe katikati umeuchafua mwendo unaotaka kuupima.

Hatua ya 4: tuliza protini isizunguke (kama unahitaji)

Baada ya kuwekwa katikati protini bado inazunguka polepole, ukitengeneza video mtazamaji anapata kizunguzungu. Hii inailaza juu ya fremu ya rejea:

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md_kati.xtc -o md_tulivu.xtc -fit rot+trans
```

Kundi la kwanza ni la kulinganishia, jibu `Backbone`. La pili ni la kutoka, hapa mi najibu `Protein` tu, maana maji yakizungushwa pamoja na protini boksi linacheza ngoma na halina maana tena.

Usiweke `-pbc mol` na `-fit rot+trans` kwenye amri moja, yenyewe itakukatalia na kukwambia ufanye mipaka ya boksi (`-pbc`) kwanza. Na ukishafanya `-fit` usirudi kufanya `-pbc` juu ya faili hilo, atomu zimezungushwa ila boksi halijazungushwa, utaikata protini kwa mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 5: punguza mzigo palepale kwenye seva

Hesabu kidogo. Mstari mmoja wa PDB una herufi kama 79. Atomu elfu 34 mara 79 ni karibu MB 2.7 kwa fremu moja. Mara fremu 10,001, GB 27. Trajektori ileile kama xtc ni GB moja na kitu.

Mwaka wangu wa kwanza wa masters sikuipiga hiyo hesabu. Nilitoa sistimu nzima na maji yake kwenda PDB, fremu zote, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta diski ya pamoja imejaa pomoni, simulesheni za watu wawili zimekufa usiku zikishindwa kuandika, na kwenye grupu la WhatsApp nimeshatajwa kabla sijapiga mswaki. Mmoja wao mpaka leo akiniona anauliza "umetoa PDB ngapi leo?"

Kwa hiyo: protini tu, na fremu za kutosha tu.

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md_kati.xtc -o protini.xtc -dt 1000
gmx trjconv -s md.tpr -f md_kati.xtc -o protini.pdb -dump 0
```

Zote mbili jibu `Protein`. `-dt 1000` inachukua fremu moja kila ps 1000, yaani kila ns 1, unapata fremu 101. Ya pili inatoa fremu moja ya mwanzo kama PDB, hiyo ndo itakuwa na majina ya atomu, maana xtc yenyewe haina majina, ni namba tupu. Hizi mbili ni pea. Ukimtumia mtu xtc bila pdb yake umemtumia mkungu wa funguo bila kumwambia nyumba ipo wapi.

Ukitaka kipande tu tumia `-b` na `-e`. ZOTE NI PIKOSEKUNDE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ukiandika `-b 50 -e 100` ukidhani ni ns, umetoa fremu sita za mwanzo wa simulesheni wakati protini haijatulia hata kidogo, na grafu itatoka nzuri tu, hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini, utajua siku ukiulizwa. Ns 50 mpaka 100 ni `-b 50000 -e 100000`.

Hatua ya 6: toa kwa fomati inayotakiwa

Chagua moja kulingana na jibu la lile swali la mwanzo.

Fremu moja kwa ajili ya picha au dokingi (kujaribu dawa inavyokaa kwenye mfuko), mfano ya ns 50:

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md_kati.xtc -o ns50.pdb -dump 50000
```

PDB moja yenye fremu nyingi: amri ya hatua ya 5, badilisha tu `-o` iwe `protini_zote.pdb` na uache `-dt 1000` pale pale, bila `-dump`. Protini yetu kwa fremu 101 ni MB 16 hivi, inatumika vizuri kwenye PyMOL.

Kila fremu faili lake:

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md_kati.xtc -o fremu_.pdb -dt 1000 -sep -nzero 3
```

Utapata `fremu_000.pdb`, `fremu_001.pdb` mpaka mwisho. Fungua folda mpya kabla, usiyamwage nyumbani.

Namba tupu za Excel au Python:

```
gmx traj -s md.tpr -f md_kati.xtc -ox ca.xvg -dt 1000
```

Jibu `C-alpha`. Safu ya kwanza ni muda, zinazofuata ni x, y, z za atomu ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea. C-alpha ni 129, mara 3 ni 387, jumlisha muda unapata safu 388. Zihesabu. Zisipofika 388 ulichagua kundi jingine. Mistari ya mwanzo yenye `#` na `@` ni ya kuchorea grafu, kwenye Python iruke hivi:

```
import numpy as np
d = np.loadtxt("ca.xvg", comments=["#", "@"])
print(d.shape)
```

Ikijibu `(101, 388)` umemaliza. Kwa wale wa Excel, mkichagua protini nzima mtapata safu 5881, siwazuii, ila msinipigie simu.

DCD, kwa mwenzako wa NAMD au CHARMM: `trjconv` haiandiki DCD kabisa, usipoteze jioni kutafuta. Tumia MDAnalysis:

```
import MDAnalysis as mda
u = mda.Universe("protini.pdb", "protini.xtc")
u.atoms.write("protini.dcd", frames="all")
```

Tahadhari ya vipimo. GROMACS inafikiri kwa nanomita, kwa hiyo gro na xvg ni nm. PDB ni angstromu. MDAnalysis nayo inakupa angstromu hata ukiisomesha xtc, wakati MDTraj inabaki na nm. Ukichanganya, RMSD yako inakuwa mara kumi. Njia yangu ya kukagua: pima umbali wa C-alpha mbili zinazofuatana, lazima iwe 3.8 hivi kwa angstromu au 0.38 kwa nm. Sekunde ishirini tu hiyo.

Hatua ya 7: lifungue kabla hujalituma

```
vmd protini.pdb protini.xtc
```

Cheza mwanzo mpaka mwisho kwa macho yako. Protini nzima? Haijaruka? Ligandi ipo? Utaona fremu 102 badala ya 101, usishtuke, VMD imehesabu ile pdb kama fremu ya kwanza. Lakini kama unapima kitu ndani ya VMD ifute, la sivyo fremu ya mwanzo inahesabiwa mara mbili na muda wako wote unasogea kwa moja.

VMD inapakia kila fremu kwenye RAM, baiti 12 kwa kila atomu. Ile sistimu nzima ya atomu elfu 34 na fremu 10,001 inakula GB 4 na ushee. Sasa unajua kwanini laptopu yako iliganda.

Hatua ya 8: kulihamisha

Usihangaike kuzipu xtc, imeshabanwa, haitapungua kitu. PDB zipu, inapungua sana. Kwa mtandao wa kukatika-katika tumia `rsync -P` badala ya `scp`, ikikatika ukirudia amri inaendelea ilipoishia, bando lako halichomwi mara mbili. Baada ya kufika piga `md5sum` kwenye seva na kwako, herufi zifanane zote.

Ukibeba kwa flashi, nyingi zinakuja na FAT32 na hiyo haipokei faili linalozidi GB 4, hata kama flashi ni ya GB 64 tupu. Ifomati exFAT, kwanza toa vilivyomo.

Na faili la awali, `md.xtc` na `md.tpr`, USIFUTE. Futa `a.xtc`, `b.xtc` na ndugu zao.

Ikigoma

*"gmx: command not found"*. GROMACS ipo ila teminali haijui. Piga `source /usr/local/gromacs/bin/GMXRC`, au njia uliyoiinstolia. Kwenye seva mara nyingi inaitwa `gmx_mpi`, au lazima upakie moduli kwanza.

*Ujumbe unaanza na "reading tpx file" ukitaja matoleo mawili.* Tpr imetengenezwa na toleo jipya kuliko lako. Fanya kazi kwenye seva yenyewe au pandisha toleo lako.

*"...is larger than the number of atoms in the trajectory file"*. Mafaili hayafanani. Kawaida ni hivi: umeshatoa protini tu kwenye xtc halafu unaendelea kutumia `md.tpr` yenye maji. Tengeneza tpr ndogo inayolingana, jibu `Protein`:

```
gmx convert-tpr -s md.tpr -o protini.tpr
```

*"Magic Number Error in XTC file"* ikisema ilipaswa kuwa 1995. Kila fremu ya xtc inaanza na namba hiyo 1995 kama alama, programu imefika mahali ikakuta kitu kingine, yaani faili limeharibika hapo. Kama hilo ni kopi, linganisha md5sum na uhamishe upya. Kama ni lenyewe la seva, diski ilijaa au umeme ulikatika likiandikwa, okoa mpaka fremu nzima ya mwisho, mfano `-e 63480`, na uikimbize iliyobaki kutoka kwenye `md.cpt`.

*Hakuna xtc kabisa.* Angalia mdp, `nstxout-compressed` usipoiandika ni 0, yaani usiandike. Kama `nstxout` ilikuwa na namba basi trajektori ipo kwenye trr, tumia `-f md.trr`, kila kitu kingine ni kilekile. Kama zote zilikuwa 0... pole sana ndugu yangu.

*Ligandi inaonekana imetoka nje ya mfuko.* Kabla hujaandika kwamba dawa imeachia, weka katikati kwa kutumia amino asidi moja iliyo ndani ya mfuko badala ya protini nzima, itengenezee kundi kwa `make_ndx`, mfano `r 108`. Kisha pima umbali kwa `gmx mindist`, hiyo inahesabu na mipaka ya boksi. Ikiwa bado iko mbali, basi kweli imeachia.

*Folda imejaa mafaili kama `#protini.xtc.1#`.* GROMACS haiandiki juu ya faili la zamani, inalibadilisha jina na kulitunza. Ukirudia amri mara tisa una kopi tisa, na ndo zinazokula diski yako wakati unamtafuta mchawi. Piga `ls -lh`, hakikisha, kisha `rm \#*\#`. Hiyo mikwaju ya nyuma usiisahau, bila hiyo teminali inaona alama ya `#` inadhani ni maelezo tu na haifuti kitu.